Kabla hujanunua koili, chungulia shimo la plagi

SWALI: Shikamoo babu fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Muheza. Nina gari aina ya Toyota IST la mwaka 2009, injini 1NZ, na ndilo linalonipeleka Tanga mjini mara mbili kwa wiki. Wiki ya tatu sasa injini inamisi, yaani inakosa kuwaka sawasawa. Nikisimama, kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), inatetema kidogo tu. Lakini jioni nikirudi, nikishapita Pongwe na kuanza kupandisha, gari linakata nguvu, linarukaruka, na taa ya injini inawaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Nikifika tambarare taa inatulia ila haizimiki. Mwalimu mwenzangu ana kile kipimo kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kilisoma P0303. Fundi mmoja, hata boneti hakufungua, akaniambia koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimekwisha, ninunue seti nzima. Nataka kuifanya kazi hii mwenyewe Jumamosi, uani kwangu. Niambie ninunue nini, nianze wapi na nijihadhari na nini. Gari halina tatizo jingine. Lilikwenda Pangani msibani wakati wa mvua, likarudi na tope mpaka kwenye injini, nikalipeleka kuoshwa vizuri juu na chini. Mafuta ya injini nilibadilisha mwezi uliopita.

Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale mwishoni ulipotaja tope la Pangani na kuoshwa juu na chini. Umelitaja kwa kupita, lakini kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoandika. Keti ukumbuke: kumisi kulianza kabla ya gari kuoshwa, au siku ile, au kesho yake? Kama kulianza baada ya kuoshwa, basi inawezekana kabisa koili yako ni nzima, na dawa ya ugonjwa huu ni kitambaa kikavu.

Nikueleze kwa nini. Sisi tulioanza ufundi enzi za Peugeot 504 tulizoea koili moja kwa injini nzima. Umeme ulitoka kwenye koili ile, ukaingia kwenye distributa, rota ikazunguka kuugawa kwa plagi nne kupitia waya nene. Mvua ikinyesha, tulifuta kifuniko cha distributa, tukasugua platini, safari ikaendelea. Gari lako halina distributa. Kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi kama kofia, na mguu wake wa mpira umezama ndani ya shimo refu mpaka ukaikamata plagi kule chini. Shimo hilo ni kama kisima. Maji ya pampu ya kuoshea yakipenya pembeni ya mpira yanakaa mle, hayana pa kutokea, na joto la injini huchukua muda kuyakausha.

Sasa, koili inapokea volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu mengi, 20,000 na zaidi, ili cheche iruke kwenye mwanya wa plagi. Umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia nyepesi. Ukiwa sailensa, mgandamizo ndani ya silinda ni mdogo na cheche huruka bila taabu. Ukipandisha kilima na mguu umezama kwenye mafuta, silinda imejaa hewa, mgandamizo umepanda, na koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi. Hapo ndipo umeme unapoona afadhali upite kwenye maji, au kwenye ufa wa mpira, ukimbilie kwenye chuma cha injini. Plagi haichomi, petroli inapita mbichi, gari linaruka. Ndiyo maana tambarare unapona, ukishapita Pongwe unaumwa. Koili iliyochoka ndani nayo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo dalili peke yake haitoshi kutuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Hata ile P0303 haijasema koili. Inasema silinda ya 3 inakosa kuwaka, basi. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli inayopuliza petroli, hewa inayovuja au kompresheni (mgandamizo) iliyopungua. Kama kompyuta ingekuwa inalalamikia njia ya umeme ya koili yenyewe, ungeona P0353. Yule aliyekuambia ununue nne, naomba usimsikilize kwa leo. Silinda tatu zinafanya kazi. Kompyuta ya gari lako imetaja moja.

Jambo moja la haraka kabla ya Jumamosi. Taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo ni tofauti na ikiwaka tuli. Gari linakuambia kwamba petroli mbichi inafika kwenye ekzosi na kuungua mle kwenye masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi, na masega yakipata joto kupita kiasi huyeyuka na kuziba. Kwa hiyo mpaka hapo usilipandishe tena kilima hicho. Kama ni lazima ufike mjini wiki hii, panda basi. Na ukisikia mtu anakushauri uyakate masega uyauze kwa kuwa "yanabana injini", mkatalie. Yana thamani kwa sababu yamepakwa madini kama platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kusafisha moshi tunaouvuta sisi na watoto wako wa shule.

Haya, Jumamosi. Anza asubuhi mapema, gari likiwa limelala usiku kucha. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kung'oa na nyuzi zake, na hapo kazi ya asubuhi moja imegeuka kazi ya fundi mashine. Vyombo ni vichache: soketi namba 10, soketi ya plagi namba 16 yenye mpira ndani, raketi na ekstensheni ndefu, tochi, kitambaa kisichoacha nyuzi, miwani ya kukinga macho, na pampu ya baiskeli. Ndiyo, pampu. Katika mkoa wetu hakuna nyumba inayokosa baiskeli, na mimi pampu hiyo imenifaa kuliko kompresa katika kazi hii, maana inapuliza taratibu.

Koili usinunue bado.

Andika kwanza kwenye karatasi namba ya kosa uliyosoma, kwa sababu ukitoa waya wa betri kumbukumbu hiyo huweza kufutika. Zima gari, toa ufunguo, kisha fungua waya hasi wa betri na uusogeze pembeni. Ondoa kava la plastiki la juu. Kama boksi la eya klina (chujio la hewa) limekaa juu ya koili, litoe nalo, uzibe mdomo wa hewa kwa kitambaa ili bolti isitumbukie. Sasa simama mbele ya gari ukiitazama injini. Mikanda iko mkono wako wa kushoto. Silinda ya 1 ndiyo iliyo upande wa mikanda. Hesabu kuelekea kulia, ya tatu ndiyo yako. Chukua chaki uandike 1, 2, 3, 4 juu ya koili zote, na kila kitu ukipige picha kwa simu kabla hujakigusa.

Kinachowashinda wengi ni konekta. Plastiki yake imekaangwa na joto miaka mingi, na ukiivuta kwa pupa kile kiulimi kinakatika. Bonyeza kiulimi kwa kidole gumba mpaka usikie kimeachia, ndipo uvute, na ushike konekta yenyewe, waya zake usiziguse. Ikiwa inagoma, isukume ndani kidogo kwanza, halafu bonyeza tena. Ikitoka, itazame ndani. Sisi watu wa pwani tunakula chumvi hata kwenye hewa, na mara nyingi nimekuta vile vipini vinne vimeota ukijani. Viwili kati yake ni umeme na athi, cha tatu kinaleta amri ya kompyuta, cha nne kinarudisha jibu. Kwa kuwa koili hizi zina saketi ndani yake, kuzipima kwa mita ya ohm kama tulivyozipima zile za zamani hakutakupa jibu la kuaminika.

Fungua bolti ya namba 10, izungushe koili kidogo kushoto na kulia ili mpira uachie, kisha ivute moja kwa moja juu. Sasa washa tochi, chungulia shimoni. Hapa naomba usiwe na haraka, kwa sababu unachokiona mle ndicho kitakachoamua kama unakwenda dukani au huendi.

Ukiona maji, au matope yaliyokauka, au kutu mbichi kwenye kichwa cha plagi, basi Pangani imepatikana. Nyonya maji kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, puliza kwa pampu ukiwa umevaa miwani, na acha wazi jua likaushe. Usifungue plagi kabla shimo halijawa safi. Mchanga ukianguka ndani ya silinda utakwangua kuta zake. Plagi ikishatoka, tazama kaure yake nyeupe. Mstari mwembamba mweusi unaoshuka kama unywele ni njia ambayo umeme umejichimbia, na mara nyingi utaukuta mwenzake ndani ya mpira wa koili. Njia hiyo haifutiki kwa kitambaa. Badilisha plagi na mpira kwa pamoja, maana ukiacha kimoja kitaharibu kipya.

Ukiona mafuta ya injini, habari ni nyingine. Yametoka kwenye mpira wa mduara unaozunguka shimo la plagi chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), umekakamaa na kupasuka. Hapa nina jambo linaloniuma mpaka leo. Muuguzi mmoja wa Korogwe alileta gari kwangu Ngamiani likimisi hivi hivi. Nikakuta koili imekufa, nikamwekea mpya, na yale mafuta shimoni nikayafuta tu kwa sababu jioni ilikuwa imeingia na yeye alikuwa na zamu ya usiku. Hazikupita wiki tatu, akakwama njiani. Mafuta yalikuwa yamerudi na kuulegeza mpira wa koili mpya. Nilimrudishia fedha yake, nikabadilisha gasketi na mipira yote, nikamwekea koili ya pili kwa gharama yangu. Tangu hapo siuzi koili bila kujua ni nini kilichoiua ile ya kwanza. Kwa hiyo ukikuta mafuta, gasketi ya tapeti kava na mipira ya mashimo iingie kwenye orodha yako kabla ya koili.

Ukikuta shimo kavu na safi, tazama plagi. Mwanya ukiwa umelika ukapanuka, koili hulazimika kusukuma volti zaidi kila siku na mwisho huungua. Plagi za kawaida huanza kuchoka kati ya kilomita 20,000 na 40,000. Zile za iridiamu za maisha marefu hufika 100,000. Wewe hukutaja plagi zilibadilishwa lini, na wengi waliolinunua gari likiwa limetumika hawajui. Kama huna kumbukumbu, plagi ndizo nitakazokuruhusu ununue zote nne kwa mpigo. Chukua namba ile ile iliyo kwenye kitabu cha gari. Namba ikiishia na 11, mwanya wake ni milimita 1.1, na kwa kawaida huwa umeshapangwa kiwandani, lakini ukague.

Na bado hatujaihukumu koili. Ipeleke ile ya silinda ya 3 ikae silinda ya 1, na ya 1 ikae 3. Plagi usizihamishe kwa wakati huo huo, utachanganya ushahidi. Rudisha konekta mpaka kila moja ilie "kliki", rudisha kila ulichofungua, funga betri, futa kosa kwa kile kipimo cha mwenzako, uwashe. Sailensa inaweza kuyumba kidogo mwanzoni kwa sababu kompyuta imepoteza ilichokuwa imezoea. Ipe dakika chache. Kisha tafuta kilima kifupi karibu na nyumbani, upande mara moja ukiwa umeliwekea gari mzigo, urudi upime. Taa ikianza kupepesa, ondoa mguu hapo hapo.

Ikisoma P0301, kosa limehama pamoja na koili, na sasa una haki ya kwenda kuinunua. Moja. Ikisoma P0303 tena, koili haina hatia. Hamisha plagi, rudia, na ikikataa bado, basi ni nozeli au kompresheni, na hapo nenda kwa fundi mwenye vipimo. Isiposoma kitu kabisa na gari likapanda vizuri, huenda ilikuwa unyevu, na umeumaliza kwa mikono yako.

Kuhusu kununua: nenda na koili ya zamani mkononi. Kichwani ina namba ya Toyota inayoanza 90919-02. Linganisha tarakimu zote mpaka ya mwisho, idadi ya vipini, na urefu wa mguu. Feki zimejaa. Mimi huangalia maandishi kama yamekaa sawa na hayafutiki kwa kucha, plastiki kama haina makovu ya ukungo, na mpira kama ni mlaini unaorudi ukiuminya. Koili moja ya uhakika itakugharimu zaidi ya ile ya mezani, na nakushauri uilipe.

Kwenye kufunga, plagi ianze kwa vidole. Shika ekstensheni bila raketi, izungushe mpaka igote. Ikikwama mapema, irudishe nyuma uanze upya, usiilazimishe. Mwenye spana ya kupimia nguvu afunge plagi kwa Nm 18 na bolti ya koili kwa Nm 9. Usipokuwa nayo, plagi mpya ikishagota kwa mkono iongeze nusu mzunguko; ya zamani unayoirudisha, iongeze kidogo sana, kama hatua ya mshale wa saa kutoka 12 kwenda 1. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa mpira, isiguse chuma cha ndani; itazuia mpira kugandia plagi na itafukuza unyevu. Bolti ya koili ni ndogo. Ikishakaa, iache.

Safari ijayo ya tope, mwambie muoshaji asielekeze pampu juu ya injini. Kitambaa chenye maji kinatosha pale.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni kijana ninayejifunza gereji moja hapa Makorora. Bosi wangu hutafuta silinda mbovu kwa kuchomoa koili moja moja injini ikiwa inawaka. Juzi aliniambia nifanye mimi, nikapigwa shoti mpaka bega likafa ganzi. Anasema nitazoea.

JIBU: Usizoee, mwanangu. Umeme ule unaweza kukufanya urushe mkono kwenye feni au mkanda, na mtu mwenye kifaa cha moyo kifuani hatakiwi hata kuinama karibu yake. Koili nayo inaumia: ikiamriwa kutoa cheche na haina plagi ya kuitolea, umeme unapasua kinga yake ya ndani. Unaharibu nzima ukitafuta mbovu. Fanya hivi: zima injini, chomoa konekta ya nozeli ya silinda moja, washa, sikiliza. Mlio ukibadilika na injini ikalegea, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usiposikia tofauti, umeipata. Zima, rudisha, nenda ya pili. Kwa kuwa nozeli imefungwa, petroli haiendi kuchoma masega. Mwoneshe bosi wako kwa heshima mkiwa wawili, si mbele ya wateja.

SWALI: Mzee wangu, niko Sahare. Koili za mtumba zilizotoka kwenye injini za Japani, ninunue au niache?

JIBU: Nunua kama ya akiba ya kukaa kwenye buti, ndugu yangu, hasa kama unapanda Lushoto mara kwa mara. Kwa kazi ya kila siku sikushauri, kwa sababu hujui imekula kilomita ngapi, na mpira wake una umri sawa na injini ilikotoka. Ukinunua, ikague kwenye mwanga wa jua: ufa kichwani, mpira mgumu, ukijani kwenye vipini. Muombe muuzaji uijaribu kwenye gari lako mbele yake, upande kilima nayo, ndipo umlipe. Akikataa, irudishe mezani kwake.

Na wewe mwalimu wa Muheza, Jumamosi ikipita niandikie. Nataka kujua shimo la tatu lilikuwa na nini.